UZI: Muendelezo wa gemu unaousubiri, unamsubiri mbunifu wake au unaisubiri nembo tu?

MzeeWaPedi

Wakuu, salaam.

Kila trela mpya ikidondoka tunaulizana swali moja: lini? GTA VI lini, Metal Gear nyingine lini, PES yenyewe itarudi lini. Nani anaitengeneza, hakuna anayeuliza. Timu ya mpira ikibadilisha kocha mtaa mzima haulali, lakini kwenye gemu tunashangilia jina la kwenye kasha hata kama waliolijenga walishafungasha virago zamani.

Nasema mapema ili mnishambulie vizuri: muendelezo bila mbunifu wake ni jezi tu.

Nianze na ugonjwa wetu sote, PES, gemu ya mpira ya Konami. Uliyekulia kwenye PS2 ya kuchipiwa unamjua Castolo. Unaanzisha Master League, unakabidhiwa kikosi cha watu wa kubuni: Ivarov golini, Minanda kati, Castolo mbele. Mbio hawana, pumzi hawana, na hela ya usajili hakuna. Unahangaika nao msimu mzima hadi unawapenda kama ndugu. Liverpool iliitwa Merseyside Red kwa kuwa leseni haikuwepo, na hakuna aliyejali, maana mpira wenyewe ulikuwa na uzito. Winga akianza kukimbia, L1 na pembetatu, pasi inapaa juu ya beki, na banda zima la gemu linanyamaza kusubiri inatua wapi.

Uzito ule kuna mtu aliukalia chini akaupima. Anaitwa Shingo Takatsuka, mashabiki wanamwita Seabass, na ndiye aliyeongoza Winning Eleven na PES kwa miaka yake ya dhahabu. Mwaka 2013 mfululizo ulikuwa tayari umehamia mikono mingine na injini nyingine (programu inayoendesha gemu). Tarehe 30 Septemba 2021 tukapewa eFootball 2022: bure, bila Master League, wachezaji wana nyuso za kutisha watoto, na kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, ikashushwa hadi kuwa miongoni mwa gemu zilizopondwa kuliko zote. Nembo ileile ya Konami, kampuni ileile.

Kwa hiyo kila mtu aseme: mfululizo gani unausubiri, mbunifu wake nani, na kama hayupo, bado unautaka?

NipoNipo

Naweka mkeka hapa.

ChumaUlete

Mzee umeongea vizuri ila umeruka kurasa.

PES 2008 ya PS3 ilikuwa ya nani? Ya huyohuyo Seabass. Ilikuwa inakatakata, wenye PS3 zao wakarudi kucheza toleo la PS2 kwa aibu. Na PES 2017, ambayo nusu ya watu humu wanaapa nayo, Seabass hakuwa usukanini. Sasa mbunifu wako amekwenda na nini?

Halafu God of War utaiweka wapi? Ya kwanza, 2005, aliongoza David Jaffe. Ya pili, 2007, Cory Barlog. Ya tatu, 2010, Stig Asmussen. Ascension akaja Todd Papy. Mwaka 2018 Barlog akarudi na kumpa shujaa wake Kratos ndevu na mtoto. Ragnarök ya 2022 akapewa Eric Williams. Karibu kila toleo mtu mpya, na hakuna mfululizo unaoheshimika kuliko huo. Hata zile mbili tulizozimaliza kwenye PSP, na siku hizi kwenye simu kwa PPSSPP (programu ya kuchezea gemu za PSP), hazikutengenezwa Santa Monica, studio ya mfululizo wenyewe. Zilitengenezwa na Ready at Dawn, studio nyingine kabisa, na Ghost of Sparta, mojawapo ya hizo, haina aibu mbele ya kaka zake.

MzeeWaPedi

> ChumaUlete amesema: Karibu kila toleo mtu mpya

Mpya kwako wewe msomaji wa kasha. Eric Williams yumo kwenye God of War tangu ya kwanza, mambo ya mapigano yalikuwa yake kabla hajawa mkurugenzi. Barlog alikuwa ndani ya timu ya kwanza ndipo akapewa ya pili. Hao wamepokezana kijiti ndani ya nyumba, kila mmoja amekaa na aliyemtangulia. Huko sioni ugomvi na mimi.

Kwa PES 2008 nakubali ilikuwa mbaya. Lakini angalia kilichotokea kwenye PES 2014: waliichukua injini ya Fox, iliyotengenezwa na watu wa Hideo Kojima, mbunifu wa Metal Gear, wakiwa wanaandaa gemu yao, wakaiingiza kwenye mpira. Mwaka wa kwanza hata mvua haikuwemo! Gemu ya mpira haina mvua. Aliyekuwa anajua kwa nini mvua ni muhimu hakuwa chumbani.

ChumaUlete

Au alikuwa chumbani na hela ikaisha. Sisi hatukuwemo humo.

Nyange wa Kisauni

Mumemtaja Kojima, basi niachieni nafasi kidogo, maana hapo nina machungu yangu.

Metal Gear ya Peace Walker ndiyo iliyonitia wazimu. PSP, chuma kidogo mfukoni, na ndani yake mtu amekutilia gemu nzima ya kijasusi: Costa Rica, 1974, unamshika askari, unamfunga puto mgongoni, anapaa mbinguni akipiga makelele, na kesho yake yuko kambini kwako anakupikia. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi uliofikiriwa na mtu aliyekaa usiku kucha akaona kuwa puto ni jawabu. Kampuni haiwezi kukaa kikao ikakubaliana juu ya puto.

Ikaja ya tano, 2015. Nusu yake ni Afghanistan, nusu ni mpakani mwa Angola na Zaire. Kutambaa, kuvizia, farasi, sanduku la karatasi, sijaona gemu inayokutii mikononi kama ile hadi leo. Kisha unafika sura ya pili, na hadithi inaanza kujirudia, misheni zilezile zimeongezwa ugumu, na mwisho wenyewe, ile misheni ya 51, haumo. Umeukuta kama kipande cha video kisichomalizika. Kufikia hapo Konami walikuwa wameshalifuta jina lake kwenye kasha. Disemba ya mwaka huo gemu ikashinda tuzo, na mwenye tuzo wakamkataza kwenda kuichukua. Mtangazaji alisema hivyo jukwaani, mbele ya watu, kwamba wanasheria wa kampuni wamemzuia.

Halafu 2018 wakatuletea Metal Gear Survive. Mazombi, uzio wa waya, na ukitaka nafasi ya pili ya kusevu ulipe dola 10. Wallahi dola kumi ya kusevu!

Kwa hiyo mimi nakubaliana na Mzee, tena zaidi yake. Metal Gear ya sita siitaki. Ile ya tatu waliitengeneza upya 2025, Delta, nzuri, sauti zilezile, hatua kwa hatua ileile, na ndiyo maana ni nzuri: hawakuthubutu kugusa. Ya kusubiri ni Physint, aliyoitangaza Kojima na Sony mwanzoni mwa 2024, maana hiyo amesema anarudi kwenye ujasusi. Jina jipya, mkono wa zamani.

Hesoyam254

Niaje wasee. Nyange umeandika hadi nimesimama.

Lakini nami nina mfano wa upande wa pili, na mtaona kwa nini jina langu ni hili. Mimi GTA San Andreas (hesoyam ni neno lake la siri la kupata afya na hela) sikuicheza, niliishi ndani. Sasa tazameni watu wa GTA wamekwenda wapi. Dan Houser, mwandishi wa karibu kila kitu kuanzia GTA III hadi Red Dead ya pili, aliondoka Machi 2020. Lazlow wa redio za ndani ya gemu naye akatoka mwaka huohuo. Leslie Benzies, prodyuza mkubwa wa kule Edinburgh, aliachana nao hata kabla, 2016.

Benzies akafungua studio yake. Akapata hela, akapata watu, na Juni 2025 akatoa MindsEye. Mliicheza? Magari yanaruka yenyewe, watu wanatembea kama wamesahau walichofuata dukani. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejenga GTA, bila nyumba ya GTA.

Na upande wa pili, 2021, nyumba yenyewe, Rockstar, ikaamua kutoa upya San Andreas na wenzake kupitia studio ndogo nje. CJ, shujaa wake, akawa na mikono ya mdoli, mvua kama nyuzi nyeupe hadi barabara huioni. Hiyo ni nembo bila watu.

Sasa kati ya hizo mbili nani yuko sahihi? Mimi VI naingoja 19 Novemba 2026 kama walivyosema, baada ya kuisogeza mara mbili. Picha zitakuwa moto, hilo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni maongezi ndani ya gari ukielekea misheni. Ile ya Ryder na Big Smoke wakigombana njiani ilikuwa nusu ya gemu, na mwenye kalamu ameshaondoka.

ChumaUlete

Sam Houser, kaka yake Dan, bado yupo, na alianzisha Rockstar naye.

Hesoyam254

Sam hakuwa mwenye kalamu, buda. Tofauti ipo.

BilaSevu

Na sisi wa Half-Life 3 tunakaa safu gani? Half-Life 2: Episode Two ilitoka Oktoba 2007 ikaishia kilio. Mwandishi wake, Marc Laidlaw, akaacha kazi, na 2017 akaiweka mtandaoni hadithi ya sehemu ya tatu akiwa amebadilisha majina ya wahusika. Mimi muendelezo wangu nimeshausoma kwenye blogu. Asanteni.

MzeeWaPedi

Pole sana, kaa mbele kabisa.

JiraniWaGandhi

Wazee wa pedi mnagombania fito. Sisi wa Civilization, gemu ya kujenga taifa, jambo hili tulishalimaliza, na limeandikwa kama kanuni.

Sid Meier alitengeneza ya kwanza, 1991. Jina lake limebaki kwenye kasha la kila toleo hadi leo. Lakini angalia nani aliyeongoza ubunifu: ya pili, 1996, Brian Reynolds. Ya nne, 2005, Soren Johnson. Ya tano, 2010, Jon Shafer, kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Ya sita na ya saba, Ed Beach. Kanuni yao pale Firaxis, studio inayoitengeneza: theluthi moja ibaki kama ilivyokuwa, theluthi iboreshwe, theluthi iwe mpya kabisa. Mbunifu mpya anapewa theluthi yake ya kufanya fujo, na anakatazwa kuvunja nyumba.

Na fujo wamefanya. Shafer aliondoa marundo ya majeshi, kila kikosi kigae chake, ramani ikawa ya pembe sita. Siku za mwanzo watu walilia sana, leo ukimwambia mtu arudi kwenye marundo anakushangaa. Beach akaja akaupasua mji, maktaba huku, bandari kule, ukawa huwezi kujenga bila kusoma ardhi. Kwenye hiyo ya sita kuna Zanzibar kama mji huru. Ukiwa mlezi wake unapewa karafuu na mdalasini, bidhaa mbili za anasa ambazo huzipati mahali pengine popote kwenye ramani. Mimi kila mchezo, hata nikiwa Norwei, natuma wajumbe Zanzibar kwanza. Siasa baadaye.

Sasa sikilizeni jambo litakalomsumbua Mzee. Civ VII, Februari 2025, iliongozwa na Ed Beach yuleyule wa VI. Mkono uleule. Na hiyo ndiyo iliyotugawa kuliko zote: enzi tatu, na ilipotoka, kila enzi ikiisha uliambiwa taifa lako limekwisha, chagua jingine. Umeanza na Aksum, unajikuta unamaliza na Buganda. Buganda wenyewe wametengenezwa kwa heshima, sina neno. Lakini taifa nililolilea tangu jiwe na mkuki naliachaje njiani? Theluthi mpya ilizidi theluthi, na aliyezidisha ni mbunifu halali wa nyumba, si mgeni.

Kwa hiyo mimi sisubiri mtu. Nasubiri nyumba ikumbuke kanuni yake.

(Na kabla hamjaanza: hadithi ya Gandhi kuwa mwendawazimu wa nyuklia kwa sababu ya hitilafu ya namba si kweli. Meier mwenyewe aliikanusha kwenye kitabu chake cha 2020. Jina langu halibadiliki.)

Nyange wa Kisauni

Civ IV ndiyo yenye wimbo wetu, au siyo?

JiraniWaGandhi

Ndiyo hiyo. Baba Yetu wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ukifungua gemu tu unakutana nayo. Mwaka 2011 ilipata Grammy, na kabla yake hakuna muziki wa gemu uliowahi kuipata. Wimbo mmoja tu, wa 2005, na hadi leo harusi zinapigiwa. Nikimwambia shemeji yangu kuwa ni wimbo wa gemu anakataa.

Leon_wa_Magomeni

Resident Evil (RE), gemu za kutisha za Capcom, naona imesahaulika, na ndiyo ushahidi mkubwa kuliko yote, ila unakata kotekote.

Shinji Mikami aliongoza ya kwanza, 1996. Ya pili akamwachia kijana wake Hideki Kamiya. Ya nne wakaifanya ikavunjwa, ikafanywa ikavunjwa, jaribio moja likageuka kuwa Devil May Cry, mwishowe Mikami akaingia mwenyewe na 2005 tukapata RE4. Mnajua ule mkoba wa silaha? Unazungusha bunduki ili samaki akae na mayai yakae. Nimetumia muda mwingi kupanga mkoba kuliko kuua.

Ya tano, 2009, Mikami hakuwemo. Ndipo wakatuletea Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi ambayo wagonjwa wake wanakufukuza wakipiga kelele za Kiswahili. Afrika Magharibi! Nilikuwa nakimbia huku nacheka. Kuicheza na mwenzako pembeni ilikuwa raha, sikatai, lakini woga ulishakufa, na ya sita ikauzika kabisa.

Aliyeufufua si Mikami. Ni Koshi Nakanishi na RE7, 2017: nyumba moja, familia moja, meza moja ya chakula. Na ndiye aliyepewa Requiem, hii ya Februari 2026. Kwa hiyo Mzee, wakati mwingine anayekumbuka roho ya kitu ni mtu aliyekuja nyuma.

MzeeWaPedi

Leon, umenipa la kutafuna. Ila zingatia: RE5 na RE6 walijaribu kuifukuza RE4 ya Mikami kwa kuiongezea risasi. Nakanishi aliiacha RE4 akarudi 1996. Bado anamsoma Mikami, kitabu cha zamani zaidi tu.

ChumaUlete

Mzee, kwa kupindisha huwezekani. Mbunifu akiwepo umeshinda, asipokuwepo umeshinda.

Brashi_ya_Amaterasu

Kaka zangu mmechangamka, naomba nipenyeze ya kwangu, maana ni muendelezo niliokuwa nimeshauzika.

Okami. PS2, 2006. Wewe ni Amaterasu, mbwa mwitu mweupe, na silaha yako ni brashi. Unabonyeza, dunia nzima inasimama inageuka karatasi, unachora. Duara angani, jua linatoka. Duara kuuzunguka mti mkavu, unachanua. Mtu aliyeng'ang'ania adui kama kawaida ya gemu haelewi hadi pale anapokutana na uwanda uliolaaniwa, mweusi, anauponya, na maua yanamkimbilia miguuni hadi upeo wa macho. Hakuna pointi kubwa unayopata pale. Unapata maua.

Mbunifu wake ni Kamiya aliyetajwa na Leon. Gemu ilisifiwa kila mahali na ikauza kidogo. Mwaka uliofuata Capcom wakaifunga studio yenyewe, Clover. Wakaja kutoa Okamiden ya konsoli ndogo ya Nintendo bila yeye, ya kupendeza, lakini ilikuwa kama barua iliyoandikwa na mtu anayeiga mwandiko.

Kamiya alikwenda PlatinumGames, miaka ikapita, 2023 akaacha kazi. Disemba 2024, usiku wa tuzo, skrini ikawa nyeupe, mbwa mwitu akakimbia, na mimi nikawa nimesimama juu ya kochi. Studio mpya, Clovers, Kamiya mkurugenzi, Capcom wenyewe ndio watoaji. Zaidi ya miaka kumi na nane!

Tarehe hawajasema na mimi siwaulizi. Nataka waniachie brashi tu, wasiniwekee mshale wa kunionyesha njia.

Hesoyam254

Dada, hii ya maua imenimaliza. Naitafuta leo.

Brashi_ya_Amaterasu

Ipo ya HD kwenye PC na kwenye konsoli zote za sasa. Vumilia mwanzo, watu wanaongea sana.

MamaKonsoli

Nimesoma hadi hapa. Japani, Edinburgh, Marekani. Wabunifu wote wa mbali. Ngoja nilete wa karibu kidogo.

Abubakar Salim. Wengi mmeisikia sauti yake bila kumjua: ndiye Bayek wa Assassin's Creed Origins, 2017. Mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Alifiwa na baba yake, na badala ya kuandika kitabu akafungua studio, Surgent, na Aprili 2024 wakatoa Tales of Kenzera: Zau.

Hadithi ni hii: Zau ni mganga kijana, baba yake amefariki, anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kumwambia tufanye biashara, nikuletee roho kubwa tatu zilizogoma kufa, nawe unirudishie baba. Unavaa vinyago viwili, cha jua kwa kupiga karibu, cha mwezi kwa kurusha mbali, na unavibadilisha katikati ya mapigano kama mtu anayecheza ngoma. Ile roho ya kwanza, Impundulu, ndege wa radi, ilininyanyasa hadi nikaizima runinga.

Ila si hilo lililonifanya niandike. Ukiingia kwenye mipangilio unaweza kuchagua sauti za Kiswahili. Siyo maandishi tu, sauti. Mdogo wangu alipita sebuleni akadhani natazama tamthilia, akakaa kusubiri nani kamdhulumu nani. Alipoona nimeshika pedi akauliza, "Kumbe haya mambo yanawezekana?"

Ina kasoro zake. Si ndefu, na kuna kipindi cha kukimbia kutoka kitu kinachokufukuza ambacho ukikosea kidogo unarudi mwanzo hadi unachoka. Maadui wa kawaida ni walewale. Lakini yote hayo ndiyo mambo ambayo muendelezo huwa unarekebisha: theluthi ya Jirani ya kuboresha iko pale, inasubiri.

Na hapo ndipo shida ilipo. Mwaka uleule walipunguza wafanyakazi. Salim alisema wana wazo la gemu nyingine ndani ya dunia ileile ya Kenzera, waliita Project Uso, na akawa anatafuta mwekezaji hadharani. Kilichotoka 2025 ni Dead Take, gemu ya kutisha kuhusu waigizaji ndani ya jumba. Nzuri, ila si Kenzera. Kwa hiyo swali la Mzee mimi nimeligeuza. Kwangu mbunifu yupo, anataka, jina ni lake. Kisichokuwepo ni pesa.

ChumaUlete

Swali la uchokozi, dada: uliinunua au uliipata kwa jirani?

MamaKonsoli

Niliinunua, kaka, dola 20 na hazikuniuma. Lakini ngoja nikuambie kichekesho. Akaunti yangu ya PlayStation ni ya Uingereza, kama zenu nyingi humu, kwa sababu huku kwetu duka lao rasmi halipo. Kwenye hesabu za kampuni mimi ni Mwingereza. Kila gemu niliyowahi kulipia imeandikwa kule. Akikaa mtu ofisini kuuliza Afrika Mashariki wanunuzi wangapi, anaona sifuri, anafunga daftari. Salim anaweza kwenda kwa mwekezaji na sauti za Kiswahili, akaulizwa, "Zimemletea nani?"

MzeeWaPedi

Aisee. Hili sikuwahi kulitazama hivyo.

Na sisi wa mabanda ndiyo kabisa. Diski moja ya PES ilikuwa inalea mtaa mzima, watoto wanapokezana pedi hadi vitufe vinafutika alama, na Seabass hakuwahi kujua kama kuna mahali panaitwa Manzese. Vijana wameingiza wenyewe jezi za Simba na Yanga kwenye PES ya PPSSPP, kazi ya usiku kucha, bure, na hakuna anayewahesabu.

JiraniWaGandhi

Kwa PC ni afadhali. Steam inajua uko nchi gani, na kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inakubali. Mimi Civ zote nimezilipia nikiwa Arusha, na nimehesabiwa Arusha.

Leon_wa_Magomeni

Basi ungewaambia wakupe Kilwa kwenye Civ VIII.

JiraniWaGandhi

Kilwa niliijenga mwenyewe kwenye ya sita. Kilwa Kisiwani ni ajabu la dunia mle, na mimi na Zanzibar yangu ya karafuu hatuachani nalo.

Nyange wa Kisauni

MamaKonsoli, hiyo Kenzera inakubali kwenye simu? Mie konsoli niliuza.

MamaKonsoli

Hapana, ndugu yangu. PS5, Xbox Series, Switch na PC. Kama una kompyuta, ichukue Steam. Ukicheza chini ya saa mbili ndani ya siku 14 na ukaona mashine inagoma, unaomba hela yako wanakurudishia. Kiswahili ukichague kabla hujaanza hadithi, maana mwanzo wake ndio wenye maneno mengi ya baba na mwana.

Nyange wa Kisauni

Haya. Naazima kompyuta ya shemeji wikendi.

ChumaUlete

Ukifika kwa yule ndege wa radi, kinyago cha mwezi, kaa mbali naye. Usimfuate.

MamaKonsoli

Kumbe na wewe umeicheza! Muda wote unanichokoza tu.